Nguva Aliyeuza Sauti Yake



Mwezi huu sitaanza na barua ya msomaji. Nitaanza na katuni ya watoto. Msicheke kwanza. Wengi wenu mliitazama mlipokuwa wadogo, na sasa wanenu wanaitazama, na pengine hamjawahi kuketi nao mpaka mwisho.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sebuleni kwa jirani ambaye peke yake mtaani petu alikuwa na mashine ya video. Tulijazana sakafuni, tukaambiwa tusiguse kitu, na kanda ikaanza. Filamu yenyewe ni The Little Mermaid, iliyotolewa na kampuni ya Disney huko Marekani mnamo Novemba 1989, ikiongozwa na Ron Clements na John Musker. Mhusika mkuu ni Ariel, nguva wa miaka 16, nusu msichana na nusu samaki, binti wa Triton mfalme wa bahari.

Kwa wale ambao hawaijui, nitawasimulia kwa kifupi. Ariel anamwokoa mwana wa mfalme aitwaye Eric merikebu yake inapoungua katika dhoruba. Anamlaza ufuoni na kumwimbia, kisha anarudi majini kabla kijana hajapata fahamu vizuri. Tangu hapo hataki kitu kingine ila kuishi nchi kavu pamoja naye. Anakwenda kwa Ursula, mchawi mwenye mikono ya pweza, na mchawi anampa miguu. Malipo ni sauti yake. Ana siku tatu tu. Asipopata busu la upendo wa kweli kabla ya jua la siku ya tatu kutua, atarudi kuwa nguva na kuwa mali ya mchawi. Ariel anatia sahihi, sauti yake inatolewa kooni na kufungiwa ndani ya kombe, naye anapanda juu akiwa na miguu miwili, bubu.

Sisi wasichana tuliokuwa sakafuni tulilia. Tulisema, huo ndio upendo, kutoa kila kitu. Niliibeba imani hiyo mpaka kanisani siku ya harusi yangu, na sikujua kwamba nimeibeba.

Miaka mingi baadaye niliitazama tena, safari hii na binti yangu wa miaka minane, huku mume wangu akisoma gazeti kwenye kiti chake. Nataka niwaeleze kile ambacho mtu mzima hukiona pale mtoto alipolia. Yafaa tujiulize swali moja zito: je, kunyamaza kwa ajili ya upendo ni sadaka, au ni namna ya kumnyima mwenzako kitu ambacho ni haki yake?

MANENO YA MCHAWI

Jambo la kwanza ambalo sikuliona utotoni ni hili. Katika wimbo wa mapatano, Ariel anapouliza atampataje kijana bila sauti, mchawi anamfariji. Anamweleza kwamba wanaume wa nchi kavu hawapendi maneno mengi, kwamba mwanamke anayenyamaza ndiye apendwaye, na kwamba uso mzuri na mwendo wa mwili vinatosha.

Nilipoyasikia tena nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia kwingine. Niliyasikia wiki moja kabla ya harusi yangu, katika kikao cha akina mama, kutoka kwa watu walionipenda kweli. "Mke mwema hasemi." "Ukikasirika, jaza maji mdomoni." "Mwanamume hataki maswali." Wewe dada unayesoma, sina shaka na wewe uliambiwa. Na wewe kaka pia uliambiwa ya kwako, kwamba mwanamume hatoi siri ya moyo wake kwa mke, na kwamba anayelalamika ni mwanamke.

Basi tazameni, katika hadithi hii mawaidha hayo hayatoki kwa nyanya mwenye hekima wala kwa baba. Yanatoka kwa adui anayetaka kumtawala msichana, naye ni lazima ayaseme, maana asipomwaminisha Ariel kwamba sauti si kitu hataipata kwa bei rahisi. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2023 na waigizaji wa kweli, Halle Bailey akiwa Ariel, sehemu hiyo ya wimbo iliondolewa. Naielewa nia, lakini mimi ningeiacha. Ni vizuri mtoto ausikie uongo huo ukitoka katika kinywa cha mwongo, kisha mzazi amwulize: umemsikia? Unamwamini?

Wapo wanaochukua njia nyingine. Mwaka 2018 mwigizaji wa Uingereza, Keira Knightley, alieleza hadharani kwamba binti yake mdogo haruhusiwi kuitazama filamu hii, ingawa yeye mwenyewe anaipenda, kwa sababu msichana hapaswi kuitoa sauti yake kwa ajili ya mwanamume. Naiheshimu hofu yake. Hata hivyo nadhani tusiwazuie watoto tu, halafu sisi wazazi tukaendelea kuishi hadithi ileile mezani kila jioni mbele yao.

ALIMKOSA AKIWA MBELE YAKE

Jambo la pili ni dogo, nalo ndilo lililoniuma zaidi. Eric anamkuta Ariel ufuoni. Kwa siku kadhaa amekuwa akimtafuta msichana aliyemwimbia, na anapouona uso huu anaanza kufurahi, anadhani amempata. Kisha anagundua kwamba hawezi kusema. Furaha inazimika. Anajiambia kwamba basi siye.

Mnaona? Anayemtafuta amesimama mbele yake, amemshika mkono, naye anampoteza. Eric hana macho mabaya. Tatizo ni kwamba alimjua Ariel kwa sauti, na Ariel amefika bila sauti. Ametoa kitu kikubwa mno ili afike kwake, na kitu chenyewe alichokitoa ndicho ambacho kingemtambulisha.

Hapo ndipo mawazo yangu juu ya sadaka yalipobadilika. Tumezoea kuipima sadaka kwa uchungu wa mtoaji. Tunasema, ameumia sana, kwa hiyo amependa sana. Lakini zawadi ina watu wawili, anayetoa na anayepokea. Ukimpa mwenzako usingizi wako, mshahara wako, ujana wako, yeye anapokea kitu. Ukimpa ukimya wako juu ya mambo yaliyo moyoni, yeye anapokea nini? Anapata mtu mpole asiyemjua. Analala kando ya mgeni kwa miaka kumi na miwili, na siku moja mgeni huyo analipuka kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga, na wote wawili wanashangaa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo huyaangukia hata masikio ya watoto.

HADITHI YENYEWE ILIKUWA NA MWISHO MWINGINE

Hadithi hii haikuanzia Marekani. Iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark, akaichapisha mwaka 1837, na kwake haina harusi mwishoni. Katika Andersen, mchawi anamkata nguva ulimi. Miguu anayopewa humwuma kila hatua kama anayekanyaga visu, naye anacheza ngoma mbele ya mwana wa mfalme akitabasamu. Kijana anampenda kama mtu anavyompenda mtoto, anamruhusu alale mlangoni pake juu ya mto wa mahameli. Anamweleza kwamba mwanamke ambaye angeweza kumpenda ni mmoja tu, yule binti wa hekaluni ambaye anadhani ndiye aliyemwokoa siku ya dhoruba. Anamwambia hayo yule yule aliyemwokoa. Naye hana ulimi wa kusema, ni mimi.

Mwisho kijana anamwoa yule mwingine. Dada zake nguva wanauza nywele zao kwa mchawi ili wamletee kisu, maana akimchoma kijana usiku wa harusi atarudi kuwa nguva na kuishi. Anasimama juu ya wale wawili waliolala, anakitazama kisu, kisha anakitupa baharini. Anageuka povu, na Andersen anamwinua awe miongoni mwa roho za hewani.

Siwezi kumdharau binti huyo. Aliyekitupa kile kisu alipenda kweli, kuliko wengi wetu. Swali langu si kama alipenda. Swali ni kama upendo wake ulimfikia mpendwa, na jibu ni kwamba haukumfikia. Mwana wa mfalme aliamka asubuhi bila kujua nani alimwokoa mara mbili, mara moja kutoka kwa maji na mara moja kutoka kwa kisu. Kama angalijua, huenda angalichagua vingine, huenda asingalichagua. Lakini hakupewa nafasi ya kuchagua.

NA WANAUME JE?

Usidhani, ndugu yangu mume, kwamba habari hii ni ya wake peke yao. Wanaume nao huuza sauti, ila huiuza kwa mchawi mwingine.

Mfikirie mume aliyeachishwa kazi. Jumatatu anaamka saa kumi na moja, anavaa tai, anampungia mkewe mkono, anakwenda kukaa bustanini mjini mpaka jioni. Anasema moyoni, nisimtie mama watoto wasiwasi. Anakopa huku na huku ili mwisho wa mwezi pawe na kitu. Ameufanya huo uwe upendo, na kweli upo upendo ndani yake. Lakini mkewe, ambaye pengine angesema, "Basi tuhamie nyumba ndogo, nami nitaanza kuuza mandazi," amenyimwa nafasi ya kuwa mke siku aliyohitajika kuliko zote. Akija kuupata ukweli kwa mwenye nyumba anayedai kodi, hataumizwa na umaskini. Ataumizwa kwamba mumewe alikaa peke yake kwenye benchi miezi mitatu.

Wahenga pia walisema mficha maradhi kilio humfichua. Na si kilio cha msiba tu.

YALIYOTOKEA KWETU

Naona haya kidogo kuandika yafuatayo, lakini haitafaa niwaambie ninyi mseme nami ninyamaze.

Nilipoolewa nilikuwa nikifundisha shule ya msingi kule Machakos, nami niliipenda kazi ile kama roho yangu. Mwaka wa pili mume wangu alipata nafasi nzuri Mombasa. Akaniuliza jioni moja, "Unaonaje?" Nikajibu, "Hakuna neno, twende." Nilijibu upesi sana. Nilidhani upesi ule ndio utiifu. Nikaacha kazi, tukahama, nikakaa nyumbani miaka saba, na katika miaka hiyo kila alipochelewa kurudi, kila alipolalamika juu ya mkubwa wake, nilisema ndani yangu: mimi niliacha kazi yangu kwa ajili yako, na hujui. Nililihesabu deni ambalo mwenye kudaiwa hakuwa na habari nalo.

Basi jioni ile ya katuni, tulipofika mahali ambapo Ariel anamtazama Eric na kufungua kinywa bila kitu kutoka, binti yangu alikasirika. Akaniuliza, "Mama, kwani hajui kuandika? Si alitia sahihi kwa mchawi? Mbona hamwandikii tu?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, mtoto yuko sahihi, Ariel anaandika jina lake kwenye mkataba mbele ya macho yetu. Watoto wengi nadhani wamelitambua hilo. Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, na gazeti kule kitini likashuka.

Watoto walipolala mume wangu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Nilisema, "Sikutaka kuacha ile kazi." Alinyamaza muda mrefu. Nilitazamia aseme, mbona hukuniambia, nami nilikuwa na jibu tayari. Hakusema hivyo. Alisema, "Niliuliza mara moja tu, mama. Ulipokubali haraka nilifurahi, nikaogopa kuuliza mara ya pili."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuponya, kwa sababu yalikuwa kweli kwa pande zote mbili. Mimi niliuza sauti, naye alifurahia bei. Haikurudisha miaka saba. Sikupata tena darasa langu la Machakos. Lakini deni lile nililokuwa nikilihesabu peke yangu tulilihesabu wawili, na lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Mwaka uliofuata nilirudi kufundisha, katika shule nyingine.

KUNA KIMYA CHEMA?

Baadhi yenu mtanipinga, na mna haki. Mtasema, je, Bwana wetu hakunyamaza mbele ya Pilato? Je, Mama Maria hakuyaweka mambo moyoni mwake? Je, waliotutangulia hawakusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi?

Naam, kipo kimya chema. Ni kile cha mtu mwenye sauti anayechagua wakati. Mwenzako amerudi amechoka, hana chakula tumboni, nawe una neno gumu. Ukilihifadhi mpaka ale, apumzike, hujauza sauti, umeitunza. Ukimezea tusi dogo lililoponyoka ili vita visiwake, umefanya hekima. Yesu alinyamaza mbele ya mashtaka, lakini kuhani mkuu alipomwuliza yeye ni nani hakuficha. Na Maria aliyeweka mambo moyoni ndiye yule yule aliyemwuliza malaika litawezekanaje, aliyemwuliza mwanawe mbona ametutenda hivi, na aliyesema wazi, tena kwenye harusi, kwamba divai imekwisha.

Basi kipimo ni hiki: je, unanyamaza juu ya jambo, au unanyamaza juu ya nafsi yako? Unaahirisha neno, au umelizika? Kimya cha kwanza kina siku ya mwisho. Cha pili hakina.

Kumbukeni pia jinsi ndoa zenu zilivyoanza. Kanisa linafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili hao, na kwamba hakuna binadamu mwingine anayeweza kuitoa badala yao. Padre aliwauliza, mkajibu kila mmoja kwa kinywa chake. Hata kwa yule asiyeweza kusema, sheria ya Kanisa inataka ishara iliyo sawa na maneno. Wazazi hawawezi kuitikia kwa ajili yako. Katika filamu, mchawi anajigeuza msichana mzuri, anavaa lile kombe shingoni, na kwa sauti ya wizi anamroga Eric mpaka afikishwe kwenye harusi asiyoijua. Hata mtoto huona kwamba ile si ndoa. Ndoa iliyoanza kwa sauti mbili haiwezi kuendelea vyema kwa moja.

Neno la tahadhari hapa. Ikiwa unanyamaza kwa sababu ukisema utapigwa, sikuambii wewe, nenda ukaseme usiku huu. Wewe hukuuza sauti, umenyang'anywa. Mtafute kwanza mtu salama: mzazi, padre, dada katika jumuiya, polisi. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya jeuri ya nyumbani, na Kanisa nalo halimlazimishi mtu abaki chini ya paa lenye hatari kubwa kwake au kwa watoto.

BABA MWENYE MKUKI

Namalizia na mtu ambaye utotoni nilimchukia, yaani mfalme Triton. Sasa mimi ni mzazi, nami ni mke, na yeye ndiye ninayemtazama zaidi.

Triton ana sauti kubwa kuliko wote. Alipogundua kwamba binti yake ampenda binadamu, alichukua mkuki wake wa ncha tatu akavunja kila kitu ambacho msichana alikuwa amekikusanya pangoni kwa miaka. Ona kinachofuata. Ariel bado analia palepale, na watumishi wa mchawi, samaki wawili aina ya mkunga, wanafika kumwita. Hawakupata kazi ngumu. Nyumba ambamo mtu mmoja hunguruma ndiyo nyumba ambamo mwingine huwa tayari kuiuza sauti yake kwa bei yoyote, kwa kuwa haimfai kitu humo ndani. Enyi waume, na enyi wake wenye ulimi mkali, hebu tulifikirie hilo. Si kila aliyenyamaza alinyamaza mwenyewe.

Lakini Triton anabadilika. Kwanza anatia sahihi yake mahali pa sahihi ya binti, awe yeye mtumwa badala yake. Kisha, mchawi anapokwisha shindwa, anamwona binti yake juu ya jiwe akimtazama Eric kwa mbali, naye anampa miguu.

Miguu ile ile! Mchawi aliitoa, na baba akaitoa. Kwa macho ya mtoto ni zawadi moja iliyotolewa mara mbili. Mtu mzima huona tofauti. Mchawi alitoa miguu akachukua sauti. Baba alitoa miguu akaiacha sauti mahali pake, ingawa alijua kwamba sauti hiyo huenda isimwimbie yeye tena kila siku. Gharama ya zawadi aliilipa yeye, hakumtoza aliyepewa.

Tangu hapo nimekitumia kipimo hicho nyumbani kwangu, nanyi nawapa mkijaribu. Mwenzako anapopewa nawe kitu, nyumba, ada ya shule, msamaha, uhamisho wa kwenda mjini, je, anabaki na sauti yake? Anaweza bado kusema "hapana," kusema "nimechoka," kusema "ile siku uliniumiza"? Akiweza, umempa kama baba. Akiwa hawezi, angalia usije ukawa umempa kama yule mwingine.

LA KUFANYA NYUMBANI

Wale mliohudhuria mikutano ya Marriage Encounter, iliyoanzia Uhispania kwa juhudi za Padre Gabriel Calvo, mnajua desturi yake ya mume na mke kuandikiana barua kisha kuzisoma na kuzungumza. Binti yangu aligundua jambo hilo hilo akiwa amekaa sakafuni: mbona hamwandikii tu? Lililo gumu kutamkwa huandikika. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi wenye ndoa wapeane muda wa kutosha, wa kusikiliza kwa saburi mpaka mwenzako amalize yote aliyotaka kusema.

Basi mwezi huu, chagueni jioni moja watoto wakishalala. Zimeni televisheni na simu. Kila mmoja achukue karatasi na kuandika majibu ya maswali haya, bila kusaidiwa. Kisha badilishaneni karatasi, msome kimya, na atakayeanza kusema awe yule ambaye kwa kawaida husikiliza.

1. Ni jambo gani nililolikubali upesi, ambalo moyoni sikulikubali?

2. Ni jambo gani nililokuuliza mara moja tu, nikaogopa kuuliza mara ya pili?

3. Ni kitu gani nilichokufanyia ambacho ningependa ujue kwamba ni mimi?

4. Ni wakati gani sauti yangu ilipokuwa kubwa mno hata yako ikajificha?

Msijibishane usiku huo. Someni, mshukuru, mlale. Mazungumzo yatakuja yenyewe kesho yake, pengine jikoni, pengine njiani mkienda kanisani.

Na mtoto akiwaomba kesho kutazama tena katuni ya nguva, msimfukuze. Ketini naye.